Miaka Yangu ya Kutafsiri Kupungua

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vikubwa kuliko miguu yangu, nikapanda ngazi za ofisi ya misheni pale Mbulu nikiviburuza. Nilikuwa nimerudi kutoka Kuba, nilikopelekwa kusomea kilimo. Kazi ya kilimo sikuipata, na kitu pekee nilichorudi nacho ambacho wengine hawakuwa nacho kilikuwa Kihispania. Nyumbani walinicheka. Mama aliniuliza lugha hiyo nitazungumza na nani huku milimani, na ng'ombe? Kumbe pale misheni palikuwa na madaktari na wahandisi kutoka Uhispania, wanaandika ripoti kwa lugha yao, na ripoti hizo zilitakiwa kwa Kiingereza wilayani na kwa wafadhili. Aliyekuwa akizitafsiri alikuwa sista mmoja mzee, Mhispania, ambaye macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Cheo chake kilikuwa Mhariri wa Nyaraka, nasi sote tulimwita Sista Mhariri.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kaa. Tafsiri huu ukurasa."

Ulikuwa ukurasa wa hospitali, na kila kitu ndani yake kilikuwa kinapungua. Homa ilishuka, dawa zilianza kuadimika, mvua ilitulia, mgonjwa mmoja alizidi kudhoofika. Mhispania ana neno lake kwa kila kimojawapo. Kinachoshuka ni bajar. Kinachoadimika ni escasear. Mvua au upepo unaotulia ni amainar, na mtu anayedhoofika ni decaer. Mimi nilikuwa kijana na nilijiona nimesoma. Nikaandika decrease kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nikamrudishia kabla kalamu yake haijakauka.

Sista akausogeza ukurasa karibu na pua. "Martina, homa na mvua hupungua namna moja?"

"Vyote hupungua, Sista."

"Na mwezi? Na supu?"

Nikafikiri kidogo. "Mwezi unarudi. Supu hairudi."

"Sasa umeanza kazi," akasema, akauchana ukurasa wangu vipande viwili.

Mchana ule alinipeleka jikoni. Juu ya meko yalining'inia mafungu ya vitunguu saumu, vile vyetu vya Mbulu, yakikaushwa. Akanipa fungu bichi na fungu kavu nishike, moja kila mkono. La kavu lilikuwa jepesi. "Nani kaiba hapa?" akauliza. Nikajibu hakuna aliyeiba, vimekauka tu. "Basi hiyo inaitwa mermar. Kinapungua chenyewe, bila mkono wa mtu. Mwezi unaoisha na kurudi ni menguar. Kisima kikifika mwisho ni agotarse, na hapo usiandike kwa haraka, maana kuna watu wanakunywa humo." Kisha akanifundisha maswali aliyokuwa akijiuliza kila alipokutana na kupungua kokote: ni kwa haraka au polepole, kitarudi au hakirudi, kuna mkono wa mtu au hakuna, na la mwisho, nani kaona. Nilidhani hilo la mwisho si la mtafsiri. Nilikaa nalo miaka mingi kabla ya kuona maana yake.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa hospitalini, chini ya Daktari Mkuu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Nilimwogopa mwezi mzima. Siku moja alishika tafsiri yangu akaja nayo hadi mlangoni kwangu.

"Martina, mimi niliandika homa imekubali kushindwa. Kwa nini wewe umeandika imevunjika?"

"Waingereza, Daktari, homa zao huvunjika. Zenu ndizo hukubali kushindwa."

"Na zenu Wairaqw?"

"Zetu zinaondoka tu, Daktari, kama mgeni aliyechelewa."

Alicheka hadi wauguzi wakatoka kuangalia. Tangu siku hiyo nikawa simwogopi tena, naye akawa ananitania kila asubuhi kwa kuniuliza leo kimevunjika nini. Nilizipenda sana zile siku. Kupungua kwa hospitali mara nyingi ni habari njema: uvimbe unapungua, maumivu yanapungua, wanaolazwa wanapungua. Nilikuwa nikipiga chapa huku nikiimba, na Sista Mhariri akigonga ukuta niimbe polepole.

Baadaye nilihamishiwa Mradi wa Maji, uliohudumia Mbulu na Hanang. Huko mkubwa wangu alikuwa Mhandisi wa Maji, Mhispania kijana, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau kwamba alikasirika. Kiswahili chake kilikuwa kizuri cha sokoni. Alijivunia kwamba hakuhitaji mkalimani, na kweli hakuhitaji, kama kazi ni kununua nyanya.

Sasa naja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mradi ulipata mashine moja ya kusukuma maji, na birika la kunyweshea mifugo. Moja tu. Kulikuwa na visima viwili vya kuchimbwa kwa mkono vilivyokuwa vikiigombea, kimoja Getanuwas na kingine Hirbadaw. Mhandisi alitakiwa aandike ni kipi kina maji ya kutegemewa, maana mashine haiwekwi kwenye kisima kinachokufa. Kifaa chake cha kupimia kina kilikuwa kimezama pamoja na gari katika tope la Yaeda Chini, gari likatolewa, kifaa hakikuonekana tena. Basi akaenda kuwauliza wenyewe. Akarudi, akaandika ripoti kwa Kihispania kizuri mno, akaniwekea mezani siku ya Jumatatu. Gari la kuipeleka Arusha lilikuwa linaondoka Ijumaa.

Nikaisoma. Getanuwas, ilisema, maji yanapungua. Alikuwa ametumia maneno yote niliyofundishwa na Sista, hata mawili ambayo sikuwahi kukutana nayo. Mzee mwenye kisima, Mzee Gidamasi, alimwambia kwamba maji yamepungua sana, ng'ombe wamebaki wachache wa kuhesabu, maziwa hakuna, na yeye mwenyewe nguvu zimemwishia. Hirbadaw walisema hawajambo na maji, wanashukuru, ila barabara ni mbaya. Kwa hiyo Mhandisi alipendekeza mashine iende Hirbadaw, na kisima cha Getanuwas kifutwe kwenye mradi.

Ningeweza kuitafsiri siku ile ile. Ila Mhandisi alikuwa mtu mwenye adabu, na mwisho wa ripoti aliweka aya ya shukrani. Getanuwas, aliandika, walimpa maziwa kibuyu kizima, wakamchinjia mbuzi, wakampa maji ya kuoga, akaoga. Hirbadaw walimpokea kwa uchangamfu mkubwa, wakazungumza naye mchana kutwa juu ya barabara. Nikatafuta chai. Nikasoma tena. Hirbadaw hapakuwa na chai.

Wewe msomaji kama umezaliwa huku umeshaelewa, na kama hukuzaliwa huku ngoja nikueleze. Sisi watu wa sehemu hizi, wakulima wa juu na wafugaji wa bondeni, hatujisifii kitu tulicho nacho. Ukiulizwa habari za mahindi, unajibu yamepungua. Ng'ombe, wamepungua. Hiyo ni heshima, na ni kujikinga pia, maana mali ikitajwa kwa majivuno huwa haikai. Kinyume chake, kitu kikianza kwisha kwelikweli, hatukitaji. Tunazungumzia barabara. Na hakuna nyumba ya huku, ya Mkristo au ya mtu wa mila, itakayomwacha mgeni akae mchana kutwa bila kumchemshia hata kikombe, isipokuwa maji ya kuchemsha hayapo.

Nikaenda kwa Mhandisi. Nikamwambia ripoti yake siwezi kuitafsiri.

"Kuna neno gumu?"

"Maneno yote nayajua. Nadhani visima umevigeuza."

Akainuka kwenye kiti. "Martina, kazi yako ni kutafsiri. Mimi nimewauliza watu wenyewe, kwa Kiswahili, na wamenijibu kwa Kiswahili. Unataka nibadilishe maneno yao?"

"Hapana. Nataka kesho uje kwetu kula chakula cha mchana."

Alinitazama akidhani nimechoka. Nilikwenda kwanza kwa Sista Mhariri nikamweleza, maana nilianza kuogopa. Alikuwa haoni vizuri tena, anatumia lenzi kubwa ya mkononi. Akanisikiliza hadi mwisho. "Maneno ya mtu usiyaguse," akasema. "Lakini mwulize Mhandisi lile swali la mwisho. Nani kaona?"

Kesho yake Mhandisi akaja, labda kwa sababu alikuwa na njaa. Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye ghala la mahindi ambalo majirani walilijua kwa kulitazama kwa jicho la pembeni. Mwaka ule lilijaa hadi tukaegemeza magunia mengine ukutani sebuleni. Mhandisi akapita katikati ya magunia akiinua mabega asiyaguse, akamwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama. Habari za mavuno?"

"Marahaba, mwanangu. Mavuno?" Mama akashika kiuno. "Mwaka huu yamepungua kabisa. Hatukupata kitu. Utatusamehe, hatuna hata cha kumpa mgeni."

Kisha akaleta ugali, kuku, maharage, maziwa mgando, na ndizi za kuchemsha. Mhandisi alipomaliza sahani, Mama akamwongezea huku akilalamika kwamba kuku siku hizi wamepungua, na mwingine akapita chini ya meza. Mhandisi akamtazama yule kuku. Akayatazama magunia. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeinamia sahani yangu ili nisicheke mbele ya mama yangu. Niliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, hadi akaweka kijiko chini.

"Martina," akasema kwa Kihispania, "Mungu wangu. Nimeandika nini?"

Alipoaga, Mama alimpakilia debe la maharage, akamwambia asijali, ni ya mwisho.

Siku ya pili yake tulishuka Hanang kabla jua halijawa kali. Nilimwomba jambo moja tu, tusimuulize mtu yeyote habari za maji. Tukae tuangalie. Getanuwas tulikuta wanawake wanafua nguo kando ya kisima, na maji ya povu wanayamwaga ovyo chini. Ndama walikuwa wakinywa pamoja na ng'ombe wakubwa, na ng'ombe aliyeshiba aligeuza kichwa mwenyewe bila kufukuzwa. Ndani ya kisima walisimama vijana wawili wakipokezana ndoo, wa chini maji yakimfika magotini. Mzee Gidamasi akaja na fimbo yake, shuka begani, akatupokea.

"Umerudi, mtaalamu. Karibu. Tupo tu. Nguvu zimekwisha."

"Pole sana, mzee," Mhandisi akasema. Safari hii hakuandika kitu.

Hirbadaw ilikuwa kimya. Ndoo zilipangwa foleni lakini hakuna aliyefua. Tulipokelewa na mama mmoja mtu mzima, Mama Udagwe, mwenye uso wa kucheka, aliyekuwa msimamizi wa zamu za kuteka. Alianza moja kwa moja na barabara. Barabara ina mashimo, barabara inavunja pikipiki. Mimi nilikuwa naitazama kamba ya kisima. Sehemu ya juu ilikuwa katani ya zamani, imechakaa kwa mikono. Ikafuata kamba ya nailoni ya bluu. Ikafuata mkanda wa ngozi, mpya, bado una harufu. Kila maji yaliposhuka, walikuwa wameongeza kipande. Mhandisi naye aliiona. Aliifuata ile kamba kwa vidole kutoka juu hadi kwenye fundo la mwisho, polepole, na alipofika kwenye ngozi nilimwona anafumba macho.

Mama Udagwe akaacha habari za barabara. Alimtazama Mhandisi, kisha mimi. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "tukisema, mtatuacha."

Hapo nilishindwa kujizuia, machozi yakanitoka. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba nina akili. Sikuwa nimefikiria kwamba ripoti yangu sahihi ingemnyima mama huyu mashine. Niligeuka kumwambia Mhandisi kwa Kihispania kwamba labda tusiiandike, nami ndiye niliyeanzisha yote. Naye, ambaye siku zote ndiye wa kukasirika, akawa mtulivu kuliko mimi. Alikuwa ametazama upande wa mlima. Akamuuliza Mama Udagwe ule ukungu unaokaa mlimani Hanang asubuhi, chini yake kuna chemchemi? Akajibu zipo, ila ziko mbali na juu sana. "Juu ndiko ninakotaka," Mhandisi akasema. "Maji ya juu hayahitaji mashine. Yanahitaji bomba, na yanateremka yenyewe." Hilo mimi nisingeliona hata ningekaa pale mwaka mzima.

Alhamisi hakulala, nami sikukaa. Aliiandika ripoti upya yeye mwenyewe, kwa Kihispania, mimi nikiitafsiri ukurasa kwa ukurasa wino haujakauka. Kwa Getanuwas tuliandika kilichosemwa, kisha tulichokiona, kila kimoja mahali pake, ili mzee asionekane mwongo wala sisi tusionekane wapiga ramli. Kwa Hirbadaw alitumia agotarse, mara moja tu, bila kulipamba. Nilikaa na neno hilo muda mrefu. Kiingereza kingenipa decline, neno la kistaarabu ambalo mtu anaweza kulisoma huku anakunywa chai. Niliandika kwamba kisima kinakauka na watu wanaendelea kunywa humo, na chini yake nikaweka pendekezo la bomba. Sista Mhariri alilisoma kwa lenzi yake, akauliza kama nina hakika. Nikamjibu nimeona kamba. Akapiga muhuri.

Mashine ilikwenda Getanuwas. Bomba la Hirbadaw lilichelewa, lilisumbua, wafadhili waliuliza maswali hadi nikachoka kutafsiri majibu, lakini lilikuja. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshahamishiwa mradi wa malisho, chini ya mkubwa mwingine, na sikuwapo siku maji yalipofika. Sista Mhariri alirudi kwao kutibiwa macho. Aliniachia lenzi na maneno mawili ya kupungua ambayo alisema hakuwahi kuyapatia Kiingereza chake, na hadi leo nayatafuta.

Nilistaafu miaka mingi baada ya hapo. Waliniuliza nataka zawadi gani, nikasema nataka gari la ofisi kwa siku moja. Nikashuka Hanang. Getanuwas, birika lilikuwa limefurika hadi njia imekuwa tope na viatu vyangu vikabaki humo. Mzee Gidamasi, sasa mzee kwelikweli, aliletewa kiti akae nami.

"Shikamoo, mzee. Habari za maji?"

"Marahaba. Yamepungua, mama," akasema, miguu yake ndani ya maji. "Yamepungua sana."

Nikampa pole. Alikuwa na uso mkavu kabisa, na mimi nikajitahidi nisicheke.

Kisha nikaenda Hirbadaw. Njiani nilikuwa na wasiwasi, sitaficha. Nilijiambia nikipokelewa kwa habari za barabara, nitageuza gari nilie njia nzima. Nilimkuta Mama Udagwe kwenye kibanda cha bomba, akigombeza watoto waliokuwa wakirushiana maji. Alinikumbatia. Akaninawisha mikono mwenyewe, maji yakamwagika kwa wingi juu ya mikono yangu na chini, na hakuangalia yalipomwagikia. Chai ilikuwa tayari jikoni, naisikia harufu yake. Lakini nilitaka kusikia kwa kinywa chake, nikauliza.

"Habari za maji, mama?"

Akashika kiuno, akanikunjia uso kama mama yangu mbele ya magunia yake.

"Usiulize, mwanangu. Siku hizi yamepungua kabisa."

Nimetafsiri kupungua maisha yangu yote, na sijawahi kusikia neno zuri kama lile. Tulicheka tukishikana mikono hadi watoto wakaacha kurushiana maji watutazame.

Sasa nakaa nyumbani Mbulu, nalima vitunguu saumu. Vijana wananijia na simu zao, wameandikiwa kitu na rafiki wa mbali au wameona kazi inayotaka Kihispania, na simu imewatafsiria vibaya. Wanasimama mlangoni, wananiamkia, wananiuliza kama Kihispania changu bado kipo. Nawajibu kimepungua sana siku hizi, wataniwia radhi. Kisha nawaambia waingie ndani, nachukua lenzi ya Sista, na Mama, ambaye yuko hai na anasema nguvu zimemwisha, anakwenda kuchinja kuku.